TAHADHARI: "Khukuri za Tanga 1914" zinazouzwa mitandaoni

Ndugu zangu mnaokusanya silaha za zamani, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook akiuza khukuri, vile visu vilivyopinda vya Nepali. Anadai ziliachwa na Wagurkha, askari wa Kinepali waliokuwa upande wa Waingereza, kwenye mapigano ya Tanga dhidi ya Wajerumani, Novemba 1914. Bei inaanzia Sh milioni 1.8, na nusu anataka umtumie kwa simu kabla hujauona mzigo. Msitume.

Hadithi kaichagua vizuri, hilo nampa. Wagurkha walikuwepo Tanga kweli, ndani ya vikosi vya Kashmir kutoka India vilivyopenya hadi mjini, na Waingereza waliposhindwa na kurudi melini waliacha bunduki na risasi za kutosha. Ukiambiwa babu wa mtu aliokota khukuri, inaingia akilini. Tatizo ni visu vyenyewe.

Cha kwanza alichonitumia picha kimegongwa mhuri wa 1917. Khukuri nyingi za jeshi za vita ile zina mwaka na alama ya kiwanda, kwa hiyo kisu chenyewe huenda ni halali. Lakini kiliokotwaje Tanga miaka mitatu kabla hakijafuliwa? Akanijibu mwaka uligongwa baadaye, "wakati wa ukaguzi". Haya.

Cha pili ndicho cha kuangalia kwa makini. Mpini una kichwa cha simba cha shaba, na kwenye bapa pameandikwa INDIA. Hizo ni za kuuzia watalii, muwa zenyewe zinaushindwa. Amekizeesha. Kutu ya umri huwa na mabaka, pengine imechimba, pengine haikugusa kabisa. Ya kwake ni rangi moja kotekote, mpaka ndani ya mikwaruzo mipya ya msasa. Ala imepakwa dawa ya viatu, ila ongeza mwanga kwenye picha uone mshono: uzi wa nailoni, mweupe pee.

Picha za cha tatu nilizikuta kwenye tovuti ya mnada wa Uingereza. Kilishauzwa.

Kwa anayetaka khukuri ya kweli, dai picha ya kitako cha mpini. Kwenye nyingi za zamani za Kinepali mkia wa bapa hupenya mpini mzima na ncha yake kufuliwa pale mwishoni. Uliza pia kama visu vidogo viwili vya kwenye ala vipo: karda ya kukatia, na chakmak isiyo na makali, ya kunolea. Na msidanganywe kwamba ni adimu kihivyo. Mwaka 2003 makampuni mawili ya Marekani yalinunua ghala la silaha la Lagan Silekhana, Kathmandu, na khukuri nyingi za karne ya 19 zikaingia sokoni.

Nilipomwomba tupigiane video akaniblock. Sasa yuko kwenye akaunti nyingine yenye picha ya mwanamke, visu vilevile, juu ya mkeka uleule wa kijani. Namba zote mbili ninazo. Anayefanya naye biashara sasa hivi aniandikie pembeni kabla hajatuma hela.