Vikebe vya Sindano vya Kale: Ununue Kipi Kwanza Ukiwa Lubumbashi

Uzuri usikudanganye: unaponunua kikebe cha sindano cha kale, tafuta kwanza maandishi. Chenye muhuri unaosomeka kinaweza kufuatiliwa hadi kwenye daftari la hataza (breve, yaani haki ya mvumbuzi) au la usajili wa umbo. Kisicho na chochote kinabaki pambo tu.

Nafasi ya kwanza ni ya vikebe bapa vya shaba ya njano kutoka Redditch, Uingereza, hasa vya W. Avery & Son, vya kati ya miaka ya 1860 na 1890 hivi. Ndani vina vyumba vinne, vya sindano namba 6, 7, 8 na 9, pamoja na kishikizo cha kuchagulia. Kishikizo hicho ndicho huharibika: ribiti hulegea au hukwama. Mwombe muuzaji picha za mfuniko ukiwa wazi, za bawaba, na za kishikizo kikiwa kwenye namba mbili tofauti. Vile vyenye umbo la kipepeo au toroli viache kwanza; bei yao iko juu, na ndivyo vinavyoigwa. Cha asili kimegongwa kwenye bati jembamba, kwa hiyo ni chepesi na michoro yake ni mikali. Nakala iliyomiminwa ni nzito, kingo zake butu, na ina vishimo kama vya mchanga. Sumaku ikinasa, chini ya rangi ya shaba kuna chuma.

Na sisi watu wa Katanga tunaojua kung'arisha shaba kwa limau na majivu: hapa hapana. Utaondoa vanishi ya dhahabu ambayo ni sehemu ya thamani yake.

Sasa muhuri. Alama ya almasi, yaani muhuri wa Uingereza wenye umbo la almasi, ni ya usajili wa umbo, si hataza, na ilitumika 1842 hadi 1883. Juu kabisa namba ya Kirumi I maana yake metali. Hadi 1867 herufi ya mwaka ilikaa kwenye kona ya juu ya almasi. Kuanzia 1868 ilihamia kulia. Ndiyo maana A ya juu ni 1845, lakini A ya kulia ni 1871, na wauzaji wengi huzichanganya. Kuanzia 1884 utaona “Rd No”, yaani namba ya usajili: chini ya 19754 ni mwaka 1884 wenyewe. Daftari za almasi ziko National Archives, hifadhi ya nyaraka ya Uingereza huko Kew, London, mafungu BT 43 na BT 44.

Hataza za Uingereza zina mtego wake. Kuanzia 1852 hadi 1915 namba zilianza upya kila mwaka, kwa hiyo namba bila mwaka haikufikishi popote. Kwenye Espacenet, tovuti ya kutafutia hataza, andika GB, mwaka, kisha namba yenye tarakimu tano. Ikipungua, tanguliza sifuri.

Nafasi ya pili: sanduku la Singer la mbao linalokunjuka, lenye muhuri wa 19 Februari 1889. Ni la vifaa vya mashine ya kushona kuliko sindano pekee, lakini hataza yake ni rahisi kuipata kwenye Google Patents. Hesabu bawaba na vifaa vyote vya ndani. Sanduku tupu lisilipiwe bei ya lililojaa. Kabla ya kuagiza nje, waulize washonaji wazee wa komuni za Kenya na Katuba hapa Lubumbashi.

Tatu ni mirija ya mbao ya Mauchline, Uskoti. Ni mizuri, ila ni nadra kuwa na hataza, na unyevu wa Novemba hadi Aprili huibana mifuniko. Usilazimishe, itapasuka.

Pembe za ndovu haziko kwenye orodha. Kuzivusha mpaka kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na bila hivyo mzigo hukamatwa. Muuzaji akikuambia “ni mfupa”, tumia kioo cha kukuza: mfupa una vidoti vyeusi na vishimo vidogo, pembe ina mistari inayokatizana kama wavu kwenye sehemu iliyokatwa kimkingamo. Picha isipoonyesha sehemu hiyo, usilipe.