Uchambuzi: Safari ya Kikundi Kutoka Marrakech Hadi Fes Kupitia Jangwani

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua ile safari ya Moroko ambayo wengi mmekuwa mkiniulizia: ya kikundi, yenye dereva, inayoanzia Marrakech, inavuka milima ya Atlas, inalala jangwani Merzouga, halafu inaishia Fes. Kampuni siitaji. Inauzwa na kampuni chungu nzima, na njia ni ileile, vituo ni vilevile, hata mkahawa wa chakula cha mchana mara nyingi ni uleule. Nitakayosema yatakufaa hata ukinunua kwa mwingine.

Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka asimalize bando: nunua, ila chukua ya siku nne, achana na ya siku tatu.

Hesabu ni hii. Marrakech hadi Merzouga ni kilomita 560 hivi, na nyingi ni kona za milimani. Merzouga hadi Fes ni kama kilomita 470 nyingine. Ukizibana kwenye siku tatu unashinda garini, unashushwa kupiga picha, unapandishwa tena, na ukifika kambini unataka kulala tu. Siku moja ya nyongeza inabadilisha kila kitu, kwa sababu uzuri wa safari hii uko njiani. Picha za matangazo zote ni mchanga na ngamia, lakini mchanga wenyewe ni usiku mmoja.

Marrakech sitaichelewesha. Safari nyingi zinakuchukua hapo alfajiri, kwa hiyo mji unautembea mwenyewe kabla. Mnara wa Koutoubia, wa karne ya 12, una mita 77 hivi na unaonekana kila upande, hivyo ukipotea uutafute. Uwanja wa Jemaa el-Fnaa nenda jioni, na ukimpiga picha mwenye nyoka ujue mmeshaingia mkataba, atakudai.

Asubuhi mnapanda Atlas hadi kwenye kivuko cha Tizi n'Tichka, mita 2,260 juu ya usawa wa bahari. Anayetapika garini akae mbele na asinywe chai nyingi. Upande huu wa milima ndio uliopigwa na tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023, ukubwa wa 6.8. Mkiona kuta zilizopasuka au nyumba zinazojengwa upya, msizigeuze mapambo ya picha. Kuna watu walizika familia zao pale.

Kituo kikubwa cha kwanza ni Aït Ben Haddou. Hiki ni kijiji chenye ngome, kimejengwa kwa udongo, kimepanda kilima, na kipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987. Wenyeji karibu wote wamehamia ng'ambo ya mto, kwenye umeme na maji ya bomba. Mwongozaji atakueleza filamu zilizopigwa hapo, moja baada ya nyingine, mpaka utachoka. Mwulize badala yake kwa nini ngome ipo hapo. Jibu ni misafara: dhahabu na watumwa waliotoka upande wa pili wa jangwa kwenda Marrakech walipitishwa bonde hili. Panda mpaka kwenye ghala la nafaka kule juu, hata kama umeambiwa muda hautoshi. Muda upo, wanautunzia duka la mazulia.

Na hapo kwenye mazulia nina neno. Mtapelekwa dukani, mtapewa chai ya mnanaa, mazulia yatatandazwa sakafu nzima, na bei ya kwanza haitakuwa bei. Kununua si lazima, hata kama mzee ameshakunjua kumi. Katika safari niliyopanda mimi, duka la mazulia lilikula muda mrefu kuliko korongo la Todra, na korongo lina kuta za mwamba za takriban mita 300, zimebanana hadi mto na barabara vinagombea nafasi. Mwenye safari ya siku nne analala karibu na hapo, anaamka mapema, anatembea kabla mabasi hayajafika. Wa siku tatu anapewa nafasi ya kushuka na kupanda.

Sasa Merzouga. Matuta ya Erg Chebbi yanafika mita 150 hivi, rangi yake inabadilika kadiri jua linavyoshuka, na hapo matangazo hayajadanganya. Walichokificha ni kwamba haya matuta ni kisiwa kidogo. Sehemu kubwa ya Sahara ni mawe na kokoto, na kutwa nzima kabla ya kufika mtapita kwenye kokoto hizo. Mimi nazipenda. Wenzangu wengi walikuwa wamelala.

Ngamia ni wa nundu moja, na mnapanda kama saa nzima kufika kambini. Mwenye matatizo ya mgongo au nyonga aombe gari, zipo, wala hakuna atakayemcheka. Wakuu wa misafara wanavaa majoho ya buluu, na kuna watakaokwambia hawa ni Watuareg, wale wahamaji wa Sahara wanaojulikana kwa mavazi ya buluu. Wenyeji wa hapa ni Waamazigh (Waberberi) wa kabila la Aït Khebbach, waliokuwa wafugaji wa kuhamahama. Lile vazi ni kwa ajili yetu wateja. Kambi ya bei ya kawaida ina vitanda vizuri na vyoo vya pamoja. Ya kifahari ina bafu ndani ya hema. Mchanga ni uleule na nyota ni zilezile, na pesa ya ziada ningeiweka kwenye ile siku ya nne.

Karibu na hapo kuna kijiji cha Khamlia, na kama ratiba yenu haina, ombeni. Ndipo wanapoishi Wagnawa, wengi wao ni vizazi vya watu walioletwa utumwani kutoka kusini mwa Sahara. Wanapiga gambusi la nyuzi tatu na makayamba ya chuma, na muziki wao uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2019. Sisi tuliambiwa tu kwamba ni "muziki wa Kiafrika", tukapiga makofi, tukaondoka. Mtu mweusi ukikaa pale unasubiri ile sentensi ya pili, namna watu hawa walivyofika. Haikuja.

Halafu lililoniudhi zaidi. Mkitoka Merzouga mnapita Rissani. Hapo kandokando kuna magofu ya Sijilmasa, mji ulioanzishwa karne ya 8, lango la biashara ya dhahabu kwa mamia ya miaka. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuandika habari za sultani wa Kilwa, alikaa Sijilmasa akinunua na kunenepesha ngamia, akaondoka na msafara mapema 1352 kuelekea Mali. Aliporudi akaenda Fes, na huko simulizi za safari zake zikaandikwa kwa amri ya Sultani Abu Inan, zikakamilika 1355. Kwa hiyo gari lako linatoka Sijilmasa kwenda Fes, njia ya mtu aliyezijua Kilwa na Mombasa za enzi hizo! Sisi tulisimama duka la visukuku. Sijilmasa ilipita dirishani, bila neno. Magofu yenyewe si makubwa, ni kuta chache za udongo, lakini nusu saa ingetosha.

Njia ya kwenda Fes ni ndefu: bonde la Ziz na mitende yake, halafu baridi inaanza, misitu ya mierezi karibu na Azrou yenye nyani wasio na mkia, nawasihi msiwalishe biskuti, halafu Ifrane yenye mapaa ya mteremko kwa ajili ya theluji. Beba sweta.

Fes ndiyo sababu ya kuanzia Marrakech na si kinyume chake: mji bora unakuja mwisho. Mji mkongwe hauna magari, mizigo inabebwa na punda, na ukisikia "Balak!" (yaani pisha) bana ukutani haraka. Msikiti na chuo cha Qarawiyyin, ambacho mapokeo yanasema kilianzishwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859, kinaruhusu Waislamu kuingia kuswali. Wasio Waislamu wanachungulia mlangoni. Madrasa ya Bou Inania, aliyoijenga huyohuyo Abu Inan, inapokea kila mtu, na vigae na mbao zake zinastahili asubuhi nzima. Viwanda vya ngozi vya Chouara mnatazama kutoka juu ya maduka, mkiwa na jani la mnanaa puani. Ngozi bado zinalainishwa kwa chokaa na mavi ya njiwa, harufu yake haina adabu.

Tatizo: dereva aliyewaleta si mwongozaji wa mji. Wengi wanashushwa Fes jioni na safari imeisha. Kodi mwongozaji mwenye kitambulisho rasmi, na ongeza usiku wako mwenyewe.

Nenda Machi hadi Mei, au Oktoba na Novemba. Julai na Agosti jangwa linapita nyuzi 40, na Januari usiku unakaribia sifuri ndani ya hema. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: gari linabeba watu wangapi, chakula cha mchana kimo ndani ya bei au la (mara nyingi hakimo), na saa ngapi mtaondoka kambini asubuhi. Wakikujibu ni kabla ya jua kuchomoza, tafuta kampuni nyingine. Dirhamu toeni kwenye mashine mkiwa Ouarzazate au Tinghir, na zilizobaki mzibadilishe kabla ya kupanda ndege, maana nje ya Moroko mtahangaika nazo.