Linux From Scratch na ile "makeinfo: command not found", uzoefu wangu

Nimeshajenga mfumo mzima kwa Linux From Scratch na bado naipenda. Ni kitabu tu, cha bure, kazi aliyoianzisha Gerard Beekmans mwaka 1999, unakifuata ukurasa kwa ukurasa na kila kitu unakikompaili mwenyewe. Kama unataka kujua kompyuta yako inafanya nini ndani kwa ndani, kitabu hiki kitakufundisha kweli kweli.

Ila kuna sehemu inawakatisha watu tamaa mapema sana, ni komandi kukosekana. Mimi ilinikamata kwenye Binutils (zana kama assembler na linker), ndo pakeji ya kwanza kabisa kujengwa. Make, programu inayoendesha ujenzi, ikakatika, chini ya skrini Error 2 basi. Hiyo Error 2 usihangaike nayo, ni make ya nje inasema tu kwamba make ya ndani imefeli, we panda juu mpaka ukutane na Error 127, hiyo ndo sheli inakwambia programu uliyoiita haionekani, na juu yake jina lenyewe lipo, kwangu ilikuwa makeinfo, programu ya kutengeneza nyaraka. Kama ulijenga na -j rudia na -j1, maana kazi zikienda sambamba mistari inachanganyikana na kosa halisi linafukiwa.

Sasa usitafute pakeji inayoitwa makeinfo, iko ndani ya Texinfo. Na kilichonishangaza, version-check.sh, skripti ya kitabu inayokagua kama zana zinazohitajika zipo, ilishanipa OK kwenye Texinfo! Nikaandika type makeinfo kwa yuza wangu wa kawaida, iko /usr/local/bin. Nikaingia kama lfs, yule yuza ambaye kitabu kinakutaka umtengeneze kwa ajili ya ujenzi, haipo. Kumbe PATH ya lfs, yaani orodha ya folda ambazo sheli inatafutia programu, imebanwa makusudi, anaona tools zake na /usr/bin tu, ili vitu vya distro mwenyeji (Linux unayojengea) visijipenyeze kwenye mfumo mpya. Kwa hiyo wanaoshauri uongeze /usr/local/bin kwenye PATH sikubaliani nao kabisa, unafungua mlango uleule uliofungwa kwa sababu. Nilichofanya ni kuweka Texinfo ya distro yenyewe ikakaa /usr/bin, nikafuta folda ya build yote na kuanza upya configure, skripti inayokagua mfumo na kuandaa Makefile, hilo la kufuta ni lazima maana Makefile inabaki na majibu ya configure ya mwanzo. Ikapita.

Yacc, komandi nyingine ambayo ujenzi unaihitaji, nayo iangalie. Kuna distro ukiweka Bison, programu inayofanya kazi ya yacc, hupati jina la yacc, hapo tengeneza kiungo /usr/bin/yacc kielekee bison. Awk iwe gawk, sh iwe bash, hiyo ya sh ndo inasahaulika zaidi kwa sababu distro nyingine zinatumia dash, sheli tofauti.

Siku hizi version-check.sh naiendesha mara mbili, kwanza kwa yuza wangu, halafu tena nikiwa lfs kabla sijagusa Binutils.