Mpiga chapa wetu wa River Road: kazi safi, lakini kagua nembo

Mwaka 2022 nilikuwa mshika hazina wa kijana aliyewania kiti cha mwakilishi wadi bila chama, hapa Nairobi. Tulichapisha kwa duka moja la ghorofani River Road. Nawapa nyota nne.

Hawamdharau mteja mdogo. Mabango ya mpinzani wetu wa chama kikubwa yalijaa hadi ngazini, lakini vipeperushi vyetu vichache vilitoka siku tuliyoahidiwa. Katiba inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo hiyo, kwa hiyo fotokopi zilitumaliza kuliko mabango. Mama mwenye duka akatupunguzia bila kuombwa.

Malipo ni kabla ya kazi, hakuna deni. Ilituuma, maana michango yetu ilikuja kwa M-Pesa, hamsini hamsini, kutoka kwa mama mboga na watu wa boda.

Nyota iliyopotea ni ya nembo. Ya chama, nyanya yangu anaijua hata bila miwani. Yetu, taa ya chemli, wino uliififisha ikawa kama birika. Sokoni tukaulizwa kama tunauza chai! Walirudia kwa nusu bei. Ingefaa iwe bure.

Tulishindwa, ila si kwa sababu ya karatasi. Wala kukosa chama si kisingizio: mwaka huo huo Kawira Mwangaza, mgombea huru, alimbwaga gavana Kiraitu Murungi kule Meru.

Ukienda, nenda asubuhi, na udai nakala ya kwanza kabla mashine haijawashwa.