Friji Kuukuu kwa Bia ya Drafti Nyumbani: Ipi Ununue, Ipi Uache

Friji iliyoondolewa jikoni, maadamu bado inapoza, inaweza kubeba kegi (mapipa ya chuma ya bia) mbili au tatu na kukumiminia bia safi kwa miaka mingi. Kuigeuza si kazi ngumu. Kinachowasumbua watu ni ununuzi: wanachukua sanduku la bei ya chini, wanalifikisha nyumbani, ndipo wanagundua kwamba kegi haiingii au kwamba hakuna upande salama wa kutoboa. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, jua mambo mawili: vipimo vya kegi yako, na mahali koki itakapopita. Umri wa friji, rangi yake na jina la kampuni vinakuja baadaye sana.

Kegi inayopendwa zaidi na wanaotengeneza bia nyumbani ni ile ya Cornelius, ambayo zamani ilibeba soda. Inachukua lita 19, upana wake ni kama sentimita 22 na urefu wake sentimita 63 hadi 65. Viunganishi vya gesi inayosukuma bia na vya bia yenyewe hukaa juu yake, basi hesabu sentimita 70 kwenda juu. Kegi ya kiwandani ya lita 50 ni habari nyingine: upana wake unakaribia sentimita 40, na ikijaa inazidi kilo 60. Kata duara la kadibodi lenye upana wa sentimita 23 kwa kila kegi unayotaka kuweka, nenda na maduara hayo kwa muuzaji, yalaze sakafuni mwa friji, kisha funga mlango. Utazame vizuri mlango huo kwa ndani, maana vishubaka vya chupa na mayai hula nafasi kubwa, na ukivikata itakubidi uifunike upya sponji inayozuia joto. Kingine cha kutazama ni ngazi iliyo nyuma, chini, inayoficha kompresa. Mara nyingi hiyo ndiyo inayoinyima nafasi kegi ya pili.

Nafasi ya kwanza: friji ya mlango mmoja isiyo na sehemu ya kugandisha

Wapenzi wengi wa bia ya nyumbani wangeanza na friza ya kulala, ile yenye mfuniko juu. Mimi naanza na hii, na nina sababu. Themostati yake yenyewe inafika nyuzi 3 au 4, na hapo ndipo bia ya drafti inapotaka kukaa, kwa hiyo hununui kifaa kingine cha kudhibiti baridi. Kegi unaisukuma ndani kwa magoti, huinyanyui juu ya ukuta. Maji yanayotokana na unyevu yana njia yake ya kutokea. Zaidi ya yote, unatoboa mlangoni, na mlango wa friji ya kawaida ni bati, sponji na plastiki tu, hauna mirija ya gesi ya kupozea. Kama mlango una kioo cha kuonyesha joto au sehemu ya kutolea maji na barafu, uache. Humo mna nyaya na mirija ya maji.

Tundu la koki ni la milimita 22 hadi 25, na unalitoboa kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili. Pima unene wa mlango kabla ya kununua koki, kwa sababu shingo yake lazima ipite unene wote na kubakiza nyuzi za kukazia nati upande wa ndani. Tundu liwe juu vya kutosha glasi ndefu isimame chini yake pamoja na kisahani cha matone. Ubavuni usitoboe: friji nyingi hupitisha mirija ya kutoa joto ndani ya kuta za pembeni.

Udhaifu wa friji hii ni mmoja. Hazipatikani kwa wingi katika vitu vya mitumba, kwa hiyo ukiiona nzima, usiichelewee.

Nafasi ya pili: friza ya kulala

Kwa anayetaka koki nne na zaidi, hakuna kinachoishinda. Mfuniko uko juu, baridi haimwagiki unapofungua, kuta zake ni nene, na umeme unaotumia kuweka bia kwenye nyuzi 4 ni mdogo kuliko ule wa kugandisha nyama kwenye nyuzi -18. Lakini inakuja na masharti.

Sharti la kwanza ni kutotoboa kuta zake hata kidogo, kwani karibu zote zimezungukwa na mirija ya gesi. Badala yake unatengeneza fremu ya mbao yenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, unaiweka kati ya sanduku na mfuniko, na koki zinapita kwenye mbao. Fremu hiyo pia inaongeza kimo, hivyo kegi moja inaweza kukaa juu ya ngazi ya kompresa. Nashauri uifunge kwenye mfuniko na si kwenye sanduku. Ikibaki kwenye sanduku, kila kegi ya kilo 23 hivi utainyanyua juu zaidi kwa sentimita hizo zote, na mgongo wako utajua tofauti.

Sharti la pili ni themostati ya nje. Friza ikiachiwa yake yenyewe itagandisha kila kitu, na bia ya kawaida huanza kuganda ikishuka chini kidogo ya nyuzi -2. Chukua ile yenye waya wa kupimia na yenye uwezo wa kuchelewesha kompresa dakika tatu au zaidi kabla ya kuwaka tena. Usiuache waya huo ukining'inia hewani. Ubandike kwenye ubavu wa kegi na uufunike kwa kipande cha sponji, ili upime bia yenyewe.

Halafu kuna unyevu. Maji hujikusanya chini na hayana pa kwenda, kisha ukungu unaota. Chembe za kufyonza unyevu pamoja na feni ndogo ya kompyuta vinasaidia sana. Feni hiyo ina kazi nyingine muhimu: baridi hutuama chini, hivyo koki zilizo juu hubaki na joto na glasi ya kwanza hujaa povu. Ukipuliza hewa ya chini iende juu, povu hilo linapungua.

Nafasi ya tatu: friji ya milango miwili, friza juu

Hii ndiyo utakayokutana nayo kila mahali, na mara nyingi kwa bei ndogo kuliko zote. Inafaa. Sehemu ya chini ikitoa sentimita 70 kwenda juu, kegi mbili za Cornelius huingia, wakati mwingine tatu, na friza ya juu inahifadhi glasi na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Ila kama ni ile isiyoota barafu, usiiunganishe na themostati ya nje bila kufikiri: ina saa ya kuyeyusha barafu inayovurugika umeme ukikatwakatwa. Jaribu kwanza themostati yake yenyewe kwa kuweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji usiku kucha. Maji yakifika nyuzi 4, huna haja ya zaidi.

Nafasi ya nne: friji ndogo ya chumbani

Inavutia kwa udogo wake, na kwa kegi moja inatosha, ikiwa kimo kinaruhusu. Nyingi haziruhusu. Zile zenye kisanduku cha barafu juu zina sahani ya alumini yenye gesi ndani. Watu huikunja ishuke nyuma, na wengine huipasua na kupoteza friji nzima. Kama unataka mnara wa koki juu yake, lazima ujue mirija iko wapi. Washa friji, changanya unga laini wa mahindi na spiriti, paka juu ya bati. Pale spiriti inapokauka haraka, pana joto la mrija. Weka alama hapo na utoboe mbali napo.

Nafasi ya tano: friji ya duka yenye mlango wa kioo

Ina feni, inapoza kwa usawa na inameza kegi nyingi. Lakini kioo hakizuii joto vizuri, hivyo inakula umeme, ina kelele, na mlango hautoboki. Inunue kama una nafasi mbali na chumba cha kulala na umeipata kwa bei ya kutupa.

Za kuacha kabisa ni mbili. Friza ya kusimama mara nyingi ina rafu ambazo ndizo mirija yenyewe ya baridi. Hutaziondoa bila kuiua. Na friji pana ya milango inayokaa ubavu kwa ubavu inakupa vyumba viwili vyembamba badala ya kimoja chenye maana, kwa umeme mwingi.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Omba iwe imewashwa kabla hujafika. Bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umechoka. Soma kibandiko kilicho nyuma au kwenye kompresa. Ukiona R12, jua kwamba gesi hiyo iliondolewa sokoni kufuatia Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, hivyo ikivuja huna tiba rahisi. R134a haina taabu kubwa. R600a ni gesi inayowaka moto. Ni kiasi kidogo, lakini inatosha kukukataza kutoboa kwa kubahatisha. Friji za zamani sana zenye kitasa cha kujifunga kwa komeo zing'olewe komeo siku hiyohiyo. Watoto wamefia ndani yake, na Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 ya kutaka milango ifunguke kutoka ndani.

Pesa utakazookoa kwenye sanduku zipeleke kwenye vitu vinavyogusa bia na gesi. Koki ya chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko shaba iliyopakwa kromu, ambayo rangi yake huisha na kuacha ladha ya metali. Chagua koki inayoziba kwa mbele, maana haibakizi bia ya kukauka na kunata ndani. Mpira wa bia uwe na tundu la milimita 5 na urefu wa mita 2 hadi 3. Kwa nyuzi 4 na mgandamizo wa psi (pauni kwa inchi mraba) 10 hadi 12, bia nyingi zinamiminika bila fujo. Ukiufupisha mpira, utapata povu, na watu wengi huishia kuilaumu friji. Usafishe kwa dawa yake kila baada ya wiki mbili.

Regyuleta, kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi kabla haijafika kwenye kegi, isiwe ya kuokotwa. Mtungi wa kaboni dioksidi hubeba mgandamizo wa zaidi ya psi 800 katika joto la chumba, na hicho ndicho kifaa pekee kati yake na kegi. Uweke mtungi nje ya sanduku ukiweza, wima na umefungwa usianguke. Kabla ya kegi ya kwanza, fungua gesi, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio, kisha funga mtungi na uache mfumo mpaka asubuhi. Mshale wa regyuleta ukiwa umeshuka, kuna mahali panavuja. Katika friza ya kulala jambo hili ni la usalama wa maisha, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hujaa chini ya sanduku kama maji. Ukihisi imevuja, fungua mfuniko na madirisha, rudi nyuma, na usiingize kichwa ndani mpaka hewa imebadilika.