Uzoefu wangu na kifaa cha safari cha "vitano kwa kimoja": kilizimika kikiwa na laini yangu ndani

Kifaa hiki kilizimika mara tu basi lilipomaliza kupanda mlima Kitonga, na laini yangu kuu ya simu, ile ambayo watu wote wananipigia na ndiyo yenye pesa zangu za safari, ilikuwa imefungiwa ndani yake kwa skrubu nne. Anayefikiria kununua mojawapo ya vifaa hivi vinavyouzwa siku hizi kwa jina la "vitano kwa kimoja" naomba aijue habari hiyo kwanza, kabla hajavutiwa na boksi lake zuri.

Kazi yangu ni kukagua miradi ya maji vijijini, kwa hiyo kila mwezi niko barabarani. Kwa miaka mingi begi langu dogo lilikuwa na simujanja, kitochi, pawabenki, ruta ndogo ya intaneti, redio, tochi ya mkononi, chaja mbili na fungu la waya ambazo kila nilipozitoa zilikuwa zimesokotana. Anayelala nyumba za wageni mikoani anajua kero yenyewe: chumba kina soketi moja, nayo iko nyuma ya kitanda, na usiku mzima unaamka kutoa hiki na kuchomeka kile. Kwa hiyo nilipoonyeshwa Kariakoo kifaa kimoja kinachobeba pawabenki, ruta, tochi, redio na plagi ya kukunja inayoingia moja kwa moja ukutani, sikuhitaji kushawishiwa sana. Kijana aliyeniuzia alinishauri niweke ndani yake laini yangu kuu, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimezoea kuiwekea bando, na akaifunga mwenyewe kwa bisibisi yake. "Mzee wangu, habari ya waya umeshaisahau," aliniambia. Nilirudi nyumbani, nikampa mpwa wangu kile kitochi, na vingine vyote nikavifungia kabatini.

Haki lazima niitende: safari ya kwanza nilifurahi kupita kiasi. Tulikwenda Lushoto watu wanne, umeme ukakatika usiku wa kwanza, na ni mimi peke yangu niliyekuwa na mwanga, redio na intaneti kwa pamoja, wenzangu wote wakaja chumbani kwangu kutuma taarifa zao. Niliwasifia sana kifaa hicho, na wawili kati yao walikwenda kununua cha kwao kwa maneno yangu. Jambo hilo linaniuma leo kuliko fedha niliyotoa.

Safari ya pili ilikuwa ya Njombe, kisha Ludewa. Tuliondoka Mbezi alfajiri. Hadi Morogoro nilikuwa nimetuma taarifa tatu za wiki iliyotangulia. Tulipokuwa tukipita Mikumi nilikuwa nasikiliza redio huku simu ikiendelea kuchaji, na jambo hilo nalitaja makusudi, kwa sababu mtu aliyelipia vitu vitano ana haki ya kuvitumia vitano. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu walipolizunguka basi, niligusa kifaa ili nikihamishe mfukoni nikakuta kina joto la chapati iliyotoka kikaangoni. Taa yake ya bluu ikageuka nyekundu. Nilizima redio, nikachomoa simu, nikakiacha juu ya paja kipoe. Tulipanda Kitonga kikiwa bado chekundu, na tulipofika juu taa ilipepesa mara mbili ikazimika.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekueleza. Vitu vile vitano vina tumbo moja. Zamani redio yangu ilipoishiwa betri, tochi iliwaka. Pawabenki ilipokauka, ruta ilikuwa na chaji yake. Na vyote vilipokwisha, kitochi kilikuwa bado na nguvu ya siku tatu. Sasa kila kimoja kilikuwa kimekula sehemu ya mwenzake tangu alfajiri, na vilikufa pamoja katika sekunde moja. Simujanja yangu ilikuwa na asilimia tisa ya chaji na haina laini inayofanya kazi. Chaja yake ya ukutani niliiacha nyumbani, kwa kuwa plagi ilikuwa humo humo kwenye kifaa.

Nilimwomba kondakta kisu, akanipa. Skrubu zile hazikuwa za kawaida. Vichwa vyake vilikuwa na tundu la umbo la nyota, dogo kuliko punje ya mtama, na ncha ya kisu iliteleza ikakwaruza plastiki tu. Kutoka Iringa hadi Mafinga, na kutoka Mafinga hadi Makambako, niliendelea kuhangaika na skrubu hizo hadi kidole gumba kikachubuka. Abiria aliyekaa kando yangu alinihurumia, akanipa simu yake nipige. Namba pekee niliyoikumbuka kwa kichwa ilikuwa ya mke wangu, naye hakupokea namba asiyoijua.

Tulifika Njombe giza limeingia, na baridi ya Njombe kila mtu anaijua. Nilikuwa na shilingi elfu nne mfukoni. Dada wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni alinisikiliza hadi mwisho, akaitazama ile plastiki iliyokwaruzwa mkononi mwangu, akasema, "Baba, ingia ulale, utalipa kesho," kisha akaniletea maji ya moto kwenye ndoo kabla sijaomba. Natamani muuzaji wa Kariakoo angekuwa na robo ya utu huo. Nilikichomeka kifaa ukutani. Taa tatu za bluu ziliwaka, nikashukuru Mungu, kisha zikazimika zote. Nikachomoa, nikachomeka tena, zikawaka, zikazimika. Nilifanya hivyo hadi karibu saa sita usiku, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kitanda, na kila zilipowaka niliamini kwamba safari hii zitabaki.

Asubuhi dada yule aliniazima chaja ya simu yake, na mke wangu akatuma fedha kwenye namba yake baada ya kuelezwa. Simu ilipowaka na nikaweza kuisoma namba ya dereva aliyekuwa anichukue, yeye alikuwa ameshanisubiri stendi kwa saa nzima, amepiga simu isiyopatikana, na ameondoka kuelekea Ludewa. Kamati ya maji ya kijiji ilikaa chini ya mti tangu asubuhi hadi baada ya mchana. Wengi wao ni akina mama walioacha mashamba msimu wa palizi. Nilipowafikia kesho yake hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Mwenyekiti aliniuliza tu kama barabara ilikuwa mbaya. Nilishindwa kumweleza kwamba barabara ilikuwa nzuri.

Nirudi kwa fundi, maana siku hiyo ya kukwama ndiyo niliyompata, kwenye kibanda karibu na soko la Njombe. Alikuwa na bisibisi ya nyota, na alikifungua kifaa kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kulisimulia jambo hili. Ndani hamkuwa na kitu cha kustahili boksi lile. Kulikuwa na betri mbili za duara, zile ambazo mafundi huziita 18650 kwa sababu zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Boksi lilidai uwezo wa mAh 20,000, kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Fundi alinieleza, nami nimehakikisha baadaye, kwamba betri moja ya aina hiyo, hata ikiwa ni ya ubora wa juu, hubeba takribani mAh 3,500. Kwa hiyo mbili, zikiwa halisi na mpya, hazifiki hata nusu ya kilichoandikwa. Tena kiasi hicho hupimwa kwa volti 3.7 za betri yenyewe, ilhali simu hupewa volti 5, na katika kupandisha volti hizo kiasi kinachoingia kwenye simu hupungua, kingine kikipotea kama joto. Pembeni mwa betri palikuwa na nafasi tupu, na katika nafasi hiyo kilibandikwa kwa gundi kipande cha chuma chenye ukubwa wa kiberiti. Hakikuunganishwa na waya wowote. Kazi yake ilikuwa kukifanya kifaa kiwe kizito mkononi mwa mnunuzi.

Kuhusu zile taa zilizowaka na kuzimika, alisema kwamba betri zikikauka kabisa, ruta huamka mara umeme unapoingia, inaunyonya kabla betri hazijapata kitu, kisha inaangusha kila kitu; na hakuna swichi ya kuizima ruta peke yake. Kwa maneno mengine, kifaa cha kukuokoa chaji ikiisha hakiwezi kujiokoa chenyewe. Fundi alinitolea laini kwa kibano, akaipangusa kwenye shati lake, akanikabidhi. Malipo yake yalikuwa elfu mbili.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda moja kwa moja dukani na kifaa kikiwa wazi ndani ya mfuko. Kijana yule yule alikitazama bila kukigusa.

"Umeshakifungua, mzee wangu. Kilichofunguliwa hakirudi."

Nikamwambia kwamba nilikifungua ili nitoe laini ambayo yeye mwenyewe aliifungia humo, na kwamba suala si kukifungua bali ni kipande cha chuma. Akaniuliza niliposafiri nacho. Nikamjibu Njombe, kwa basi. Akageukia mteja mwingine, na akiwa amenipa mgongo akasema, "Hivi ni vya watu wanaopanda ndege, mzee. Si vya mabasi ya siku nzima."

Nimeuzwa vitu vibovu kabla ya hapo na nimesamehe. Maneno hayo siyasamehi, na zaidi ya kunidharau si ya kweli. Ndegeni ndiko kifaa hiki kingepata taabu zaidi. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu pawabenki isiyozidi saa-wati 100 (kipimo cha nishati iliyomo kwenye betri) bila idhini ya shirika la ndege, na lazima ibebwe na abiria mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto ni vigumu kuzizima pale ambapo hakuna mtu. Uwezo uliodaiwa kwenye boksi, ukiuzidisha kwa volti 3.7 kisha ukagawa kwa elfu moja, ni saa-wati 74, maana yake kingeruhusiwa. Lakini kwenye mwili wa kifaa hakuna mahali palipoandikwa volti wala saa-wati, na mkaguzi asipoyaona maandishi hayo anaweza kukizuia. Na akikizuia anazuia vyote vitano, redio na tochi pia, ambazo zikiwa peke yake hakuna anayezikataza.

Baada ya hapo nilikuwa nimeamua kuandika kwamba kuunganisha vifaa ni ujinga wa moja kwa moja, kisha nikakumbuka kitochi nilichompa mpwa wangu. Jina lenyewe linatokana na kuunganishwa: ni simu iliyopewa tochi. Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003 ilikuwa na tochi kichwani, na iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Hapa kwetu ndizo simu zilizoingia kila kijiji, na hakuna aliyelalamika kwamba tochi inaimaliza simu. Mtu aliyeitengeneza alijua kwamba mtumiaji wake anatembea gizani na umeme uko mbali, akachagua vitu viwili vinavyoweza kula sahani moja bila kugombana. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba wazo ni baya. Ruta na pawabenki ndivyo visivyofaa kukaa pamoja, kwa kuwa mmoja anakula usiku na mchana na mwingine ndiye anayetegemewa kulisha wengine. Kama ungetengenezwa muungano wa pawabenki na plagi tu, wenye betri halisi na saa-wati zilizoandikwa, ningeununua kesho. Au nisiseme kesho. Ningeununua nikishaona mtu mwingine amesafiri nao hadi Ludewa akarudi.

Kwa hiki nilichonunua, hapana. Nilipoanza kuandika nilidhani ningekipa sifa kwa ule usiku wa Lushoto, lakini kila nikikumbuka kwamba mwanga ule niliowasifia wenzangu ulitoka kwenye betri mbili na kipande cha chuma, nashindwa kukipa hata sifa hiyo. Wale wawili nimeshawapigia simu. Mmoja amekifungua cha kwake, naye amekuta chuma.

Siku ya kununua nilimng'ang'ania kijana yule hadi akanipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ingawa alisema mashine inasumbua. Inaonyesha jina la duka, bei na maelezo ya kifaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kibao cha "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" kilichoning'inizwa juu ya kaunta yake hakigeuzi mAh 20,000 za uongo kuwa za kweli. Nimeandika malalamiko ya kupeleka Tume ya Ushindani, nimeambatisha nakala ya risiti, picha ya boksi na picha ya kifaa kikiwa wazi. Kile chuma nimekitia kwenye bahasha. Mpwa wangu amenirudishia kitochi, na laini yangu iko humo.