Uzoefu wangu: siku 5 za mafunzo ya ghala la data, teksi za New York na wageni wa Masika

Kwa wale mnaosoma huku mnasubiri bosi atie saini, nianze na jibu: mafunzo yana faida, ila siku 2 za mwanzo ningebaki nyumbani nikalala.

Mie nipo ofisi ya mjini ya kampuni yenye hoteli 3, Nungwi, Paje na Kiwengwa. Kila mwisho wa mwezi kila hoteli inaniletea faili lake la Excel, nami nakesha nikiyaunganisha. Zamani tulikuwa na seva yetu wenyewe. Disemba 2009 kebo ya umeme ya chini ya bahari ikaharibika, Unguja tukakaa giza miezi 3, tukaishi kwa jenereta, mara inawaka mara inazima, na ile seva ikafa na kila kilichokuwemo. Tangu hapo bosi hataki kulisikia neno seva. Aliposikia kuna ghala la data linalokaa kwenye kompyuta za mbali, huhangaiki na umeme wake wala feni yake, unalipia unachotumia tu, akatuandikisha watu 9.

Mafunzo yalikuwa ya BigQuery, ghala la Google. Mkufunzi kijana wa kutoka Dar, mpole, anajua kazi yake. Kampuni iliyomleta siitaji, maana nina maneno nayo.

Siku ya kwanza na ya pili ilikuwa slaidi, na mazoezi ya teksi za New York. Teksi! Hiyo ni data ya bure iliyomo humo humo kwa kujifunzia, na ni kubwa kweli. Lakini mie sijui mtaa wa New York uko wapi na uko wapi mwengine, nitajuaje kama jibu nililopata ni sahihi au ni kichekesho? Tulikuwa tunanakili swali la SQL, lugha ya kuulizia data, kutoka ukutani, tunabonyeza, jedwali linatoka, tunaitikia "ndiyo Maalim". Intaneti ya ukumbi nayo ikawa inakwenda na kurudi, mwisho kila mtu akawasha bando la simu yake. Hilo bando mpaka leo hatujarudishiwa.

Kitu kimoja nilikipata hapo, na hakikutoka kwenye slaidi. Mkufunzi alituonesha kwamba kabla hujaendesha swali, skrini inakwambia litasoma data kiasi gani, na malipo yanafuata kiasi hicho. Ukiandika SELECT na nyota, yaani nipe kila kitu, kiasi kinaruka juu. Ukitaja safu 2 tu, kinashuka. Mwenzangu mmoja akajiona mjanja: akaacha nyota, akaongeza LIMIT 10 ili zitoke mistari 10 tu. Kiasi hakikuteremka hata kidogo. Tukaduwaa. Dada mmoja wa mapokezi, babu yake alikuwa na duka la viungo Darajani, akasema: "Si ndiyo kama madebe ya babu. Hiliki debe lake, karafuu debe lake. Ukitaka hiliki unafungua debe la hiliki. Wewe umefungua madebe yote ya duka ndipo ukachota kijiko kimoja." Mkufunzi akacheka, akasema kesho ataeleza hivyo hivyo kwa wengine. Natumai anamtaja mwenyewe.

Siku ya tatu ndipo tuliporuhusiwa kupandisha data zetu, na hapo ndipo mafunzo yalipoanza. Faili la Nungwi likakataa, kwa kuwa ukipandisha moja kwa moja kutoka kwenye laptopu mwisho ni MB 100. Tukaligawa kwa miaka. Kabla ya hapo dada wa mapokezi alishasimama kidete: safu ya namba za paspoti za wageni haipandi popote. Ikafutwa. Jambo hilo lingetakiwa kuwamo kwenye slaidi ya kwanza kabisa.

Tukauliza swali letu la kwanza la kweli: wageni wamelala masiku mangapi, kila hoteli, kila mwezi. Jibu likatoka zuri, limejipanga. Bi Mkubwa wa uhasibu akavaa miwani, akasogea mpaka puani mwa skrini.

"Mwanangu, hebu nioneshe Paje, Mei."

"Hii hapa, Bi Mkubwa," mkufunzi akajibu. "Mmefanya biashara nzuri."

"Paje Mei tunafunga. Masika. Hao wageni wamelala na nani, na popo?"

Kimya. Kumbe mfano tulionakili ulisoma tarehe Kimarekani, mwezi mbele. Faili la Paje linaandika siku mbele. Mgeni aliyeingia 05/01, yaani tarehe 5 Januari, akageuka wa tarehe 1 Mei. Na waliokuja baada ya tarehe 12 ndio balaa zaidi, kwa sababu hakuna mwezi wa 13: tarehe zao zikawa tupu, wakapotea kwenye hesabu bila kelele yoyote. Tulitumia asubuhi nzima mpaka adhana ya adhuhuri kurekebisha kitu hicho kimoja, na sijutii hata dakika. Halafu tukakuta Italia imeandikwa namna 4, kila moja inahesabiwa nchi yake.

Siku ya nne iliharibika. Somo lilikuwa kusahihisha mistari kwa UPDATE, na akaunti zetu zote ni zile za majaribio zisizotaka kadi ya benki. Akaunti hizo haziruhusu UPDATE, INSERT wala DELETE, yaani kurekebisha, kuingiza wala kufuta mistari. Mkufunzi alifanya kwenye akaunti yake, sie tukatazama kama mpira. Kampuni iliyomleta ilijua siku nyingi tutatumia akaunti gani. Mie na langu: nilipounda hifadhi yangu ya majedwali nilichagua ikae Johannesburg, nikiona ndiko karibu. Wenzangu waliacha ilivyo, ikawa Marekani. Kuunganisha majedwali yangu na yao ikashindikana, na mahali pa hifadhi hapabadilishwi ukishaiunda. Nikaanza upya. Kubalianeni mapema nyote mchague pamoja.

Siku ya tano maswali, picha, cheti. Langu jina limekosewa.

Sambusa zilikuwa nzuri, sina la kusema.

Ukiniuliza kama tulihitaji kitu kikubwa hivi, sina uhakika wa moja kwa moja. Data yetu yote ya miaka haifiki GB 1, na akaunti ya bure inakupa GB 10 za kuhifadhi na TB 1 ya kusoma kwa mwezi. Lakini hesabu ya mwisho wa mwezi iliyokuwa ikinikesha, mwezi huu niliimaliza kabla ya chai ya saa 4. Ukitafuta mafunzo, uliza neno moja: data yetu tunaileta siku ya ngapi? Wakikwambia ya tatu, waombe iwe ya kwanza.

Jambo jengine nililigundua mwenyewe wiki iliyopita, nikipekua maelezo ya jedwali. Kwenye akaunti ya majaribio majedwali yanajifuta baada ya siku 60. Hatukuambiwa. Nimepeleka ombi la kadi kwa bosi, anasema subiri mkutano. Zimebaki siku 19.